Pole na Hongera: Kushukuru Bila Kumziba Mama Mdomo

 

Hii ni sehemu ya sita. Wiki iliyopita tuliongea kuhusu usingizi wa mtoto mchanga, leo ni zamu ya shukrani. Somo hili sikulichagua mwenyewe. Kuna mama mmoja kijana alinitumia ujumbe saa nane usiku, nadhani alikuwa ananyonyesha, akaniuliza: "Dada nesi, nimejifungua salama, mtoto mzima, mume yupo, chakula kipo. Kwa nini nikisema asante Mungu naona kama nadanganya?"

Nimelibeba swali lake wiki nzima, zamu kwa zamu. Nikaona nisimjibu peke yake, maana najua mko wengi.

WAGENI WAKIFIKA MLANGONI

Kwetu mwanamke akijifungua haambiwi neno moja, anaambiwa mawili. Wageni wanavua viatu mlangoni huku wanasema, "Hongera mwenzetu, pole sana." Yanatoka pamoja na hakuna anayeona ajabu. Sijawahi kumsikia mama akiuliza, sasa pole ya nini wakati nimepata mtoto?

Bibi zetu hawakusomea uuguzi, lakini hapo walijua jambo. Yule mwanamke aliyelala pale ana mtoto mikononi, na wakati huohuo ana mshono unaouma, ana kifua kinachowaka moto kwa kujaa maziwa, ana siku tatu hajalala vizuri. Wengine wana hofu ambayo hawajamwambia mtu. Vyote viwili ni kweli, kwa hiyo vyote viwili vinasemwa.

Thamani ya maneno hayo niliijua nilipolazwa mwenyewe. Mtoto wangu wa pili alizaliwa kwa upasuaji. Watu walikuja wengi, Mungu awabariki. Walimchukua mtoto, wakamwangalia pua, wakasema kafanana na babake, wakaomba, wakashukuru, wakaondoka. Mama mkwe wangu alikuja na chupa ya mtori. Hakwenda kwa mtoto. Alikaa pembeni ya kitanda akaniuliza, "Mwanangu, unaumwa wapi?" Nikamwonyesha. Akasema, "Pole. Kunywa kwanza." Nilipomaliza kikombe ndipo akanyoosha mikono: "Haya, nipe mjukuu wangu tumshukuru Mungu." Wale wengine waliomba vizuri tu, ila sala ninayoikumbuka mpaka leo ni ya yule mama. Nilikuwa na nguvu ya kusema amina.

Na jambo hili si la mila peke yake. Paulo alipowaandikia Warumi, sura ya 12 mstari wa 15, aliwaagiza wafurahi na wenye furaha na walie na wenye kulia. Ameyaweka yote mawili katika mstari mmoja. Mimi nikiusoma nasikia pole na hongera.

Shida yetu siku hizi, hasa sisi watu wa kanisani, pole inaanza kupotea. Mama akisema mgongo unauma, anaambiwa, "Usilalamike, kuna wanaotafuta mtoto hawapati." Akilia, "Mshukuru Mungu, shetani asikuibie furaha." Wanaosema hivyo hawana nia mbaya. Lakini nataka niwaonyeshe maneno hayo yanafika wapi, kwa sababu mimi nayaona yakifika.

"NAMSHUKURU MUNGU" ISIYOANDIKIKA KWENYE FAILI

Asubuhi wodini ninapita kitanda kwa kitanda. "Umeamkaje mama?" "Namshukuru Mungu." Ni jibu zuri, ni salamu yetu, na mimi mwenyewe najibu hivyohivyo. Ila siwezi kuliandika kwenye faili. Kwenye faili naandika presha ngapi, joto ngapi, damu inatoka kiasi gani, mkojo umepata, mtoto amenyonya mara ngapi. Kwa hiyo nikishajibiwa "namshukuru Mungu" nasema amina, kisha navuta kiti: "Sasa niambie, kichwa kinauma?"

Kuna mama mmoja, nimebadilisha mambo madogo ili asijulikane, alikuja siku ya tano baada ya kujifungua. Hakuja kwa ajili yake. Alimleta mtoto, macho yamekuwa ya njano. Wakati naongea naye niliona anafumba macho kila akigeukia dirishani. Nikamuuliza, "Mama, wewe hujambo?" "Sijambo, namshukuru Mungu." Nikamuuliza tena kichwa kina siku ngapi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Siku mbili." Nikampima presha: 170 kwa 110, mara ya kwanza na mara ya pili. Yaani ya juu 170, ya chini 110. Nikamwita daktari palepale. Alichomwa magnesiamu ya kuzuia degedege, akapewa dawa ya kushusha presha, akalazwa. Mtoto naye alipata matibabu yake.

Watu wengi wanadhani kifafa cha mimba kinaisha mtoto akitoka. Hapana. Kinaweza kuja baada ya kujifungua, hasa siku za mwanzo, na hatari haijaisha mpaka wiki kama sita zipite. Yule mama angebaki nyumbani siku moja zaidi, sijui kama ningekuwa nawaandikia habari hii kwa namna hii.

Alipopata nafuu nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Akaniambia kwamba nyumbani walikuja akina mama wa maombi, akataja kichwa, mmoja akamwambia asianze kunung'unika wakati Mungu amempa mtoto wa kiume. "Nikaogopa nitaonekana sina shukrani."

Jamani. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Shukrani ni tunda jema, lakini tumeigeuza kifuniko. Tunamfunika nayo mwanamke mdomo, na chini ya kifuniko presha inapanda.

Kwa hiyo kabla sijaendelea, andika haya mahali. Baada ya kujifungua, ukipata lolote kati ya haya, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, usiku au mchana:

Damu nyingi, pedi inalowa yote ndani ya saa moja au chini, au unatoa mabonge makubwa. Kichwa kinachouma sana, kuona ukungu au nyota, au degedege. Homa au kutetemeka kwa baridi. Uchafu wenye harufu mbaya ukeni, au mshono unaotoa usaha. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kifua kubana au kupumua kwa shida. Na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto.

Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto waangaliwe ndani ya saa 24 za kwanza, tena siku ya 2 au ya 3, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya 6. Kwenda huko si kukosa imani. Ukimwambia nesi panapouma hujamkosea Mungu.

HANA ALISEMA KWANZA

Nikitafuta mwanamke wa Biblia wa kutufundisha shukrani, namkuta Hana, katika Samweli wa Kwanza. Wengi tunamrukia pale alipopata Samweli. Mimi naomba tuanzie nyuma kidogo.

Hana alikuwa hana mtoto. Mke mwenza, Penina, alikuwa anamchokoza mwaka hadi mwaka. Mume wake Elkana alimpenda, lakini alimfariji kwa namna ambayo wanaume wengi mnaijua: kwani mimi sikutoshi, si ni bora kwako kuliko watoto kumi? Yaani alimtaka ahesabu alichonacho. Hana hakubishana naye. Aliinuka akaenda hekaluni kule Shilo, akamwaga mbele za Mungu uchungu wake wote, analia, midomo inacheza bila sauti, mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Hana akamjibu kwa heshima kwamba hajalewa, ana huzuni tu na anaimimina kwa Bwana.

Angalia kinachofuata. Eli akambariki, na Hana akaenda zake, akala chakula, na uso wake ukabadilika. Wakati huo mimba hakuna bado! Mtoto alikuja baadaye. Kilichobadilika siku ile ni kwamba alisema, na alisikilizwa.

Wimbo wake wa shukrani uko sura ya pili. Sura ya kwanza ni machozi. Tusimtake mwanamke aanzie sura ya pili wakati ya kwanza hajaruhusiwa kuisema. Hata lugha yetu inalijua hili: uchungu ni wa kuzaa, na uchungu ni wa moyo, neno ni lilelile, na mtoto hatoki bila mama kuupitia.

Na Paulo alipowaambia Wathesalonike washukuru katika hali zote, hakuwaambia kwamba kila kilichowapata ni kizuri. Katika barua hiyohiyo anakiri kwamba wamepata dhiki, na kwamba wanao waliofiwa. Mkristo anashukuru akiwa ndani ya maumivu. Hajaamriwa ayaite maumivu zawadi.

GRAMU 20

Sasa nirudi kwa yule dada wa saa nane usiku. Kwa nini "asante Mungu" yake inasikika kama uongo? Nadhani sababu ya kwanza tumeiona: kuna pole ambayo hajaipata. Ya pili ni hii: shukrani yake ni ya jumla mno. Mtoto mzima, mume yupo, chakula kipo. Ni orodha ya watu wengine kumwambia kwa nini asilie.

Shukrani ya kweli nimefundishwa na akina mama wa chumba cha kangaruu. Kwa wasiojua, hapo tunawaweka watoto waliozaliwa kabla ya wakati au wenye uzito mdogo. Mama anamfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, anampa joto la mwili wake mchana na usiku. Njia hii ilianzia Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, hospitali ikiwa na mashine za joto chache kuliko watoto. Kifua cha mama kikafanya kazi ya mashine, na leo inatumika duniani kote.

Kila asubuhi tunapima. Mama anamfungua mtoto taratibu, anamweka kwenye mzani, chumba kizima kinanyamaza. Jana alikuwa gramu 1,340. Leo 1,360. Ameongeza 20! Gramu 20 ni kama vijiko vinne au vitano vidogo vya sukari. Mkiona wale wanawake wanavyofurahi mngedhani wamepewa kiwanja. Vigelegele vya chinichini, maana watoto wamelala.

Na siku nyingine mzani unasema amepungua 10. Basi wenzake wanasema, "Pole mwaya, kesho." Hakuna anayemwambia "shukuru, angalau yuko hai." Wote wanajua. Wanampa pole, anakamua maziwa, anamfunga mtoto tena kifuani.

Wale akina mama hawashukuru kwa jumla. Wanashukuru kwa gramu, kwa mililita tano zilizopita kwenye mrija bila kutapika, kwa siku ya kwanza mtoto alipovuta chuchu mwenyewe. Shukrani yao ina namba na ina tarehe. Nikagundua kumbe inafanana na faili langu. Nesi akiandika "anaendelea vizuri" peke yake, zamu inayofuata haijui kitu. Anatakiwa aandike alichokiona. Na faili moja linabeba yote, maumivu yaliyoongezeka na joto lililoshuka. Hatuna faili la mabaya na faili la mazuri.

Ndiyo maana siku hizi nikimaliza zamu ya usiku, kabla sijapanda daladala, namkabidhi Mungu zamu kama ninavyomkabidhi mwenzangu. Namwambia kilichoniuma: fulani tumempoteza, mguu wangu umevimba, nimechoka mpaka nasikia hasira. Kisha namwambia nilichokiona: saa tisa mtoto wa kitanda cha nne alilia mara ya kwanza kwa sauti ya kutosha kuamsha wenzake. Dakika tatu, sizidishi. Siku nyingine sehemu ya kwanza ni ndefu sana na ya pili ni mstari mmoja. Naukabidhi huohuo mmoja.

MAMA ALIYERUDI NA NDIZI

Hili ni gumu, naomba mlisome polepole. Ukiwa umepoteza mtoto hivi karibuni, unaweza kuruka mpaka sehemu inayofuata, hutapungukiwa kitu.

Kuna mama alijifungua mtoto ambaye tayari alikuwa amefariki. Ndugu walipokuja, mmoja alisema maneno yale tunayoyajua: shukuru wewe umebaki, Mungu atakupa mwingine. Yule mama aligeukia ukutani. Mimi nilimwomba yule ndugu anisaidie kutafuta khanga safi, nikakaa. Sikuwa na neno. Nilisema "pole mama", nikakaa.

Miezi kadhaa ikapita. Siku moja nikamwona getini na mkungu wa ndizi. Hakuja kunitafuta mimi wala daktari. Alikuwa anamtafuta mama wa usafi. Alfajiri ile, wakati wote tumeshikwa na kazi, mama wa usafi alimletea ndoo ya maji ya moto, akamsaidia kuoga, akamfulia khanga, bila kusema lolote. Yeye amekuja kumshukuru kwa yale maji.

Mtoto wake hakurudi. Sikumsikia akisema kwamba alichopitia kilikuwa na faida. Alisema, "Maji yale yalikuwa ya moto vizuri." Hakuna aliyemlazimisha kushukuru. Aliiona neema ndogo palepale ilipokuwa, akaikumbuka kwa jina, akasafiri na ndizi begani.

Nikimwangalia yeye ndipo namwelewa yule mmoja kati ya wale kumi wenye ukoma katika Luka 17. Tunapenda kumsifu kwa kurudi, ni sawa. Lakini angalia walivyoanza: walisimama mbali wakapaza sauti kuomba huruma. Na alipoona amepona, yule Msamaria alirudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu. Sauti iliyoomba ndiyo iliyoshukuru. Asingekuwa amelia kwa nguvu, sijui angepata wapi nguvu ya kushukuru hivyo. Na hakushukuru kimoyomoyo akielekea kwao. Alirudi mpaka miguuni pa aliyemponya.

TUFANYEJE NYUMBANI?

Wengi mna watoto wadogo na hamna muda, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Kwanza, pole itangulie. Mkeo, binti yako, wifi yako akisema anaumwa, usikimbilie kumkumbusha baraka zake. Muulize wapi, tangu lini, kiasi gani. Akishasikilizwa atashukuru mwenyewe, au hatashukuru leo, na Mungu hana haraka.

Pili, taja kitu kimoja na ukitaje kwa jina. Badala ya "asante Mungu kwa yote", sema asante kwa maji yaliyotoka leo asubuhi, asante kwa jirani aliyemshika mtoto nikaoga. Kama huoni hata kimoja, sema hivyo pia. Zaburi zimejaa watu waliomwambia Mungu kwamba hawaoni kitu, na ya 88 inaisha gizani kabisa, na bado imo ndani ya Biblia.

Tatu, mwambie mtu akiwa anasikia. Tunamshukuru sana Mungu kwa ajili ya watu ambao wao wenyewe hatujawahi kuwaambia asante. Dada wa kazi anayeamka kabla yako, umemwambia lini? Mama yako aliyekuja kukulea siku 40? Baba watoto aliyefua nepi usiku bila kuambiwa, mwambie, hata kama aliziacha na povu. Na baba, chakula unachokikuta mezani hakikupika chenyewe.

Nne, watoto. Kumlazimisha mtoto aseme "asante" ni adabu nzuri, iendelee. Lakini moyo wa shukrani anaupata kwa kukusikia wewe. Sisi nyumbani jioni kabla ya sala kila mtu anasema mawili: leo nini kimekuuma, leo nini kimekufurahisha. Wangu wa miaka sita majuzi alisema kimemuuma kwamba rafiki yake amehama shule, na kimemfurahisha kwamba chapati zilikuwa mbili. Tukampa pole ya rafiki. Tukamshukuru Mungu kwa chapati. Sikumwambia asihuzunike kwa sababu ana marafiki wengine.

Nikikaa mezani na watoto namkumbuka mchungaji mmoja Mjerumani, Martin Rinckart, wa mji wa Eilenburg, enzi za Vita vya Miaka 30. Ndiye aliyetunga wimbo wa shukrani uitwao Nun danket alle Gott, na inaelezwa ulianza kama sala ya mezani ya nyumbani kwake. Mwaka 1637 tauni iliupiga mji ule. Alizika watu zaidi ya 4,000, na mwaka huohuo mke wake akafa. Aliyetuachia wimbo wa shukrani ndiye huyohuyo aliyekuwa akisimama makaburini kila siku.

Tano, shukrani iwe na mikono. Kwetu mtoto akifikisha siku 40 wengi tunampeleka kanisani na sadaka ya shukrani. Endeleeni. Ila naomba niongeze moja, hasa kwa akina baba. Kuna wanawake wengi wako hai kwa sababu ya chupa ya damu iliyotoka kwa mtu wasiyemjua. Mama akitoka damu nyingi baada ya kujifungua hatuna muda wa kutafuta ndugu, tunahitaji damu iliyokwisha pimwa na iko kwenye jokofu. Mwanaume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne, japo siyo akiwa mjamzito au ananyonyesha. Kama mkeo alirudi nyumbani salama, nenda kachangie. Hutamjua atakayeipata. Na yeye atamshukuru Mungu bila kukujua jina.

KWA MAMA AMBAYE FURAHA HAIJI

Neno la mwisho kwako. Kulia siku ya tatu, ya nne, ya tano baada ya kujifungua ni kawaida, homoni zinashuka ghafla, na kwa wengi inapita yenyewe ndani ya wiki mbili. Lakini kama wiki mbili zimepita na bado hulali hata mtoto akilala, huli, humtaki mtoto, au kila kitu ni kijivu, huo ni ugonjwa na una matibabu. Hukuupata kwa kukosa shukrani, na hautoki kwa kujilazimisha kushukuru. Sali, ndiyo, na nenda hospitali. Mwambie nesi au daktari maneno haya tu: "Tangu nijifungue sijisikii sawa." Tutajua pa kuanzia.

Na wewe dada wa saa nane usiku, jibu langu ni hili. Hudanganyi. Hujamaliza tu sentensi. Mwambie Mungu na nusu nyingine.

Tuombe. Baba wa mbinguni, unawajua wanaosoma haya mtoto akiwa kifuani. Wape mtu wa kuwauliza wanaumwa wapi. Wafungue midomo waseme panapouma kabla hapajawa hatari. Na waonyeshe leo kitu kimoja kidogo, chenye jina, cha kukushukuru. Katika jina la Yesu, amina.

Sehemu ya saba tutaongea kuhusu chakula cha mtoto anapofikisha miezi sita, andaeni maswali ya uji. Kama kuna mwanamke unayemjua amejifungua mwezi huu, usimtumie haya maandishi kwanza. Mpigie simu, umuulize hali. Maandishi yatafuata.

Usiku mwema, naingia zamu.